Ekra Niliyoichagua kwa Ajili ya Macho ya Watu

Kavira mwanangu,

Mambo ya chakula, ya dawa za malaria na ya kutotembea na simu mkononi, mama yako amekwisha kukuambia, tena mara tatu, kwa hiyo sitayagusa. Mimi nimebaki na swali lako moja tu, lile la Jumapili iliyopita ambalo sikulijibu. Ulikuwa unapanga vitabu vyako kwenye katoni, ukaniuliza bila kunitazama: “Papa, kule Bukavu nichukue ekra ya namna gani? Sitaki nikosee tena.” Nikasema nitafikiri. Kisha nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Si swali gumu. Mtu aliyekaa miaka kumi mbele ya ekra ya kompyuta akitengeneza picha za harusi na za ubatizo anapaswa kulijibu huku anakunywa chai. Kilichonitoa nje ni lile neno la mwisho, “tena”. Miaka mitatu sasa unaamini kwamba ulikosea, na miaka mitatu sasa mimi najua kwamba hukukosea. Ninaandika kwenye meza ya studio, ni alasiri, nimefunga mlango. Wateja wawili wamekwisha gonga na kuondoka. Kesho asubuhi unapanda boti, na sitaki ulivuke ziwa ukiwa na mzigo ambao ni wangu.

Nianze na ekra, kwa sababu hapo angalau nina uso wa kukutazama.

Jana nilimpigia simu shangazi yako, nikamwomba apime meza ya chumba utakacholala. Akacheka sana. “Kaka, hiyo meza unaishonea nguo?” Lakini ni mshonaji, futi iko shingoni mwake kutwa, akapima. Upana ni mita moja na robo, hapo hakuna shida. Kutoka ukingo wa kuwekea viwiko mpaka ukutani ni sentimita hamsini na tano. Kipimo hiki cha pili ndicho cha kushika. Watu huingia dukani wakiuliza inchi, na hawajui hata meza yao inaingia ndani kiasi gani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ukiondoa mguu wa ekra, macho yako yatakuwa mbali nayo kiasi cha mkono ulionyooshwa, labda pungufu kidogo. Kwa umbali huo chukua ya inchi ishirini na nne, na ujue inchi hupimwa kona kwa kona, asikuchanganye mtu na upana. Kisha acha inchi, uliza nukta. Picha yote unayoiona imeundwa kwa nukta ndogo ndogo. Inchi zinakuambia kitambaa ni kikubwa kiasi gani, nukta zinakuambia kimefumwa kwa nyuzi ngapi. Ya inchi ishirini na nne iwe na nukta elfu moja mia tisa ishirini kwa upana, na elfu moja themanini kwa wima. Ukikuta ya inchi ishirini na saba yenye nukta hizo hizo, iache, nyuzi zimetawanyika, na kwa jinsi utakavyokaa karibu, mistari ya ramani zako itaonekana na meno. Ishirini na saba inataka nukta zaidi, elfu mbili mia tano sitini kwa upana, na inataka meza ya sentimita sabini. Shangazi yako hana meza hiyo.

Kuna watakaokuonyesha ile wanayoiita 4K, yenye nukta mara nne. Ni nzuri kweli, nimeiona. Lakini kwa ukubwa unaokufaa wewe, maandishi yatakuwa madogo kama mbegu za lengalenga mpaka uyakuze, na laptop yako ile itahema. Usione haya kusema hapana. Mimi nimelipia sana kuona haya mbele ya wauzaji na mbele ya wateja.

Kabla hujaichukua, iwashe pale pale. Fungua mipangilio, tafuta idadi ya nukta ambayo ekra imezaliwa nayo, kompyuta yenyewe huandika kando kwamba hiyo ndiyo inayopendekezwa. Laptop yako ikishindwa kuifikia, tafuta ekra nyingine. Ikifika, chora duara, weka rula juu yake, upime kwa upana na kwa wima. Vipimo vikilingana, ekra hiyo inasema kweli.

Jambo hilo la duara nilifundishwa na wewe, na siku uliponifundisha nilikucheka. Sasa nifike huko.

Unakumbuka jinsi ekra ile kubwa ilivyoingia kwetu. Shirika moja la mtaa wa Himbi lilikuwa linafunga ofisi na kuuza vitu vyake uani. Nilikwenda kutafuta kiti. Nikaiona imesimama juu ya meza, inchi thelathini na mbili, kwa kweli ilikuwa televisheni ya chumba chao cha mikutano. Sikupima chochote. Sikuuliza nukta, na hata kama ningeuliza nisingeelewa jibu. Nilichokiona kichwani ni dirisha la studio yetu, na watu wa barabarani wakigeuza shingo. Nikaileta hapa Katindo juu ya chukudu ya mbao yenye magurudumu mawili, imefungwa blanketi, mimi natembea kando yake nimevimba kichwa kama aliyeoa siku hiyo. Ekra yako ya zamani, ile ndogo iliyokaribia mraba, nikaisukuma chini ya meza pamoja na viatu.

Meza ya studio haifiki hata sentimita hamsini. Ulikuwa unafanya kazi pua iko karibu kugusa kioo, unasoma neno moja huku unageuza kichwa. Ulilalamika kwamba kichwa kinauma. Nikasema ni simu.

Halafu likaja jambo la unene. Kompyuta yetu ilikuwa ya zamani, haikuijua ekra ile. Ilikuwa inatuma picha ya umbo la zamani, na ekra inaivuta kushoto na kulia mpaka ijaze upana wake wote. Kila aliyepigwa picha akatokea amejaa mashavu. Na watu wetu wakafurahi! Hapa mtu akikuambia umenona, amekutakia mema. Mama mmoja wa sokoni alimwita mume wake kutoka barabarani: “Kuya uone! Ona vile ninanona!” Nikaigeuza ekra itazame wateja. Karatasi zikitoka kwenye printa zilikuwa sawa, kwa sababu picha zenyewe sikuzigusa, na walipouliza mashavu yamekwenda wapi niliwaambia ni wino. Nilikuwa nadanganya huku nacheka, na hakuna aliyeumia, kwa hiyo nikazoea.

Wewe ndiye ambaye hukuzoea. Siku moja ulichora duara, ukaweka kifuniko cha sufuria juu ya kioo.

“Papa, hii ekra haiko ku rezolusyo yake. Angalia, duara imekuwa yai.”

“Nani alikuya hapa kununua duara?”

Wateja walikuwa watatu, wakacheka wote, na mimi nikafurahi walivyocheka. Ukashusha kifuniko chako. Ukweli, Kavira, ni kwamba neno rezolusyo, ile hesabu ya nukta, sikulijua. Mimi nilijifunza picha kwa filamu, na kwenye filamu sura ya mtu haibadiliki kwa sababu umebadilisha meza. Niliona aibu kumuuliza mtoto wangu mbele ya watu. Na watu walipoondoka, niliona aibu vile vile, ingawa tulikuwa wawili tu na ungenieleza kwa dakika tano. Mengine yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mama Vumilia alipofariki, unajua nilivyoumia. Kila Jumamosi nilikuwa nanunua samaki wadogo wa sambaza kwake, soko la Kituku, na hakuwahi kunipimia bila kuongeza kiganja kimoja na neno la utani. Alikuwa mama wa rafiki yako Furaha, ungeweza kula kwake bila kuitwa. Shinikizo la damu lilimchukua kwa siku mbili. Watoto wake wakaniletea, kwenye kadi ya kamera, picha yake aliyopigwa siku ya harusi ya Muhindo, mtoto wake wa kwanza, wakataka ikae kwenye bango la kilio na kwenye fulana za tricot sitini za kuvaa siku ya mazishi. Ilikuwa Alhamisi.

Nikaifungua picha kwenye ekra. Na kwa mara ya kwanza ule unene ulinikera, kwa sababu mama huyu nilimfahamu. Nikasema huyu siye, amejaa kuliko alivyokuwa. Nilitaka kumtendea haki. Nikashika picha kwa ukingo wake, nikaivuta ndani, kidogo, kidogo tena, mpaka akawa yeye. Nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana.

Uliporudi kutoka shuleni ukaandika jina na tarehe, ukaweka maua, ukaisogeza picha ikae katikati ya fremu. Ulifanya hilo tu. Tukapeleka flash disk mtaa wa Birere kwa mtu wa kuchapa, naye akachapa alichopewa.

Jumamosi asubuhi Muhindo akaingia studio amevaa tricot juu ya shati lake la suti, na nyuma yake wajomba, na nyuma yao watu wa kilio. Mazishi yalikuwa mchana huo, hakukuwa na muda wa kuchapa nyingine. Alikuwa ametulia, na hilo ndilo lililonitisha.

“Muzee, huyu ni nani?”

“Ni mama yenu.”

“Mama yetu alikuwa munene. Huyu ni mutu wa kufa na njaa. Ku kilio batu banauliza kama tulimunyima chakula, ao kama alikuwa na ugonjwa ya siku mingi tukamuficha.” Akashika kitambaa kifuani kwa vidole viwili. “Ni nani alitengeneza hii?”

Ekra ilikuwa inawaka nyuma yangu. Niligeuka, nikamwona Mama Vumilia wa mviringo ndani ya kioo, anacheka. Nikageuka tena, nikamwona mrefu, mwembamba, mashavu yameingia ndani, kwenye kifua cha mtoto wake. Nikaelewa yote hapo hapo. Sikuhitaji kungoja fundi wala nini, mkono wangu ulikumbuka kuvuta. Na nikiwa najua, nikasema:

“Ni Kavira. Ni mutoto, angali anajifunza.”

Nimeliandika neno kwa neno ili usidhani nimelisahau au nimelipunguza.

Ulikuwa nyuma ya kaunta. Hukunitazama kwa mshangao, laiti ungenitazama hivyo. Ulianza kutafuta kosa ndani yako, nikaona unalitafuta, nikaona umelipata. Ukasema: “Ni mimi nilisogeza picha. Nilijua ile ekra inadanganya, na bado nilisogeza. Munisamehe.” Ukapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote wale. Ulikuwa na miaka kumi na saba.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli ungali umepiga magoti. Ilikuwa nafasi ndefu, Kavira. Badala yake nilikushika mkono, nikakuinua, nikawaambia: “Mumusamehe, mutoto hukosea.” Mjomba mmoja akanipa mkono. Wakatoka wakiniona mzazi mwema. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wa yule mjomba nasikia joto la aibu usoni, hata nikiwa peke yangu, hata nikiwa kanisani.

Mchana huo watu sitini walimzika mama yule wakiwa wamevaa sura isiyo yake. Na wewe ulikwenda kilioni, kwa sababu nilikulea vizuri kuliko nilivyojilea, na Furaha akakuambia mbele ya wanawake wote usikanyage tena kwao. Ulirudi ukalala bila kuvua viatu. Mama yako aliniuliza kilichotokea nikasema watoto wamegombana.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi, yule mama wa kompyuta. Alitumia dakika kumi. Aliweka programu iliyokosekana, akachagua nukta za ekra zenyewe, na sura zote zikarudi kuwa za watu. Akaniuliza, “Papa, mulikuwa munatumika hivi toka lini?” Nikamwambia ni tatizo la juzi tu. Wateja walinilaumu kwa siku kadhaa kwamba nimewakondesha. Uliingia, ukaona imetengenezwa, ukavuta kiti ukaanza kuandika mwaliko. Nilidhani umesahau. Hapana, nilitaka kudhani umesahau.

Kuanzia hapo hukugusa tena picha ya mtu. Uliandika mialiko, ulipanga programu za misa, lakini ikifika sura ulikuwa unaniachia kiti. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko mimi, wateja walikuwa wanakuomba kwa jina. Ulipochagua kusoma usanifu wa majengo, nilijivuna mbele ya majirani. Kisha mama yako akaniambia ulichomwambia jikoni: “Nyumba hazina sura ya mutu.” Nilikuwa nakula. Niliweka kijiko chini na sikukishika tena. Sijui kama unayapenda majengo, mwanangu. Sijui kama ungeyachagua. Hilo ndilo nililokunyang’anya na siwezi kukurudishia, hata kujua tu.

Na tricot zile hazikuzikwa. Kitambaa kilikuwa kizuri. Mwaka jana, kwenye mzunguko wa rond-point, mtu wa pikipiki alisimama mbele yangu na Mama Vumilia mwembamba mgongoni mwake, amefifia kwa kufuliwa. Niliteremka kwenye pikipiki yangu nikaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani. Nilikuambia mafuta yamekwisha.

Usifikiri sikujua mtu anavyofanya katika hali ile. Nilionyeshwa. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa najifunza kazi Butembo kwa Muzee Paluku, na siku moja nilifungua mgongo wa apareyi ya kupigia picha kabla filamu haijarudishwa. Harusi nzima ikaungua kwa mwanga. Ndugu wa bwana harusi walikuja na hasira, mimi nimejificha kwenye chumba cha giza, nasikia kila kitu. Muzee Paluku akawaambia: “Ni mimi. Nilifungua vibaya.” Akasimama pale akatukanwa mpaka walipochoka. Mimi hakunitukana. Alinipa apareyi tupu, akanifundisha kuifungua na kuifunga mpaka vidole vyangu vikajua, na jambo hilo hakulitaja tena hata nilipokuja kumuaga. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba sikulelewa. Niliona jinsi linavyofanywa, nikiwa mlangoni, na zamu yangu ilipofika nikamsukuma mtoto.

Kwa nini sikusema baadaye? Nimejiuliza. Wiki ya kwanza niliogopa Muhindo. Mwezi wa kwanza niliogopa wateja. Baadaye nilikuwa nakuogopa wewe tu, na hofu hiyo ilikua kila siku niliyonyamaza, kwa sababu sasa nilikuwa na kosa la Jumamosi na kosa la kunyamaza, na la pili lilikuwa linanenepa. Nilijaribu kukulipa kwa njia za pembeni. Simu ile mpya, ilikuwa hiyo. Koti la mvua, ilikuwa hiyo. Ulinishukuru kwa heshima zote, na kila shukrani ilinikata.

Ikiwa utataka kuhakikisha, nimeacha kompyuta wazi. Picha niliyoibana imeandikwa saa yake, Alhamisi, saa nane mchana. Saa nane ulikuwa shuleni. Kadi yenye picha ya kwanza, ambayo haijaguswa, nimeibandika nyuma ya barua hii. Niliificha kwenye kopo la misumari miaka mitatu, sikuweza kuifuta na sikuweza kuitoa.

Leo asubuhi, mlipotoka kununua vitu vya safari, nilikuwa nimechapa picha ile sawa sawa, kubwa, na nilishuka nayo Kituku. Furaha yuko mahali pa mama yake, anauza sambaza kwenye beseni lile lile. Nikamwambia mbele ya wanawake wenzake, maana wewe uliambiwa mbele ya watu. Nilimweleza ekra, nilimweleza mkono wangu, nilimweleza nilivyokutaja. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yalinitoka ovyo, nikajikuta nalia, na nilichukia kulia kwangu, kwa sababu sikwenda pale kuhurumiwa.

Hakunihurumia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua picha, akaitazama muda mrefu. Samaki wakawa wanaharibika na wateja wanangoja.

“Ni yeye,” akasema. Kisha akasema: “Papa Kavira, miaka tatu nilikuwa ninapita upande ingine ya njia juu nisikutane naye. Alikuwa ananiamkia, mi nageuza kichwa. Kila mara alikuwa ananiamkia. Hiyo utairudisha namna gani?”

Akauliza boti inatoka saa ngapi. Nikamwambia. Hakusema atakuja, na mimi sikumwomba. Akanigeuzia mgongo akaanza kupima samaki. Picha aliiweka juu ya begi lake, uso juu, mbali na maji. Nilikwenda pia kwa Muhindo, hakuwepo, mke wake ameniambia nirudi Jumatatu. Nitarudi. Kwake nitalisema na mbele ya wajomba, na hasa yule aliyenipa mkono.

Sikuombi unisamehe kabla ya kuondoka. Ningekuomba hivyo ingekuwa kwa faida yangu, ili nilale. Kaa na hasira yako kadiri inavyotaka kukaa. Ila nakuomba kitu kimoja kwa faida yako: usipime tena kazi yako kwa siku ile. Ukitaka majengo, jenga. Ukiona siku moja mkono wako unatamani sura za watu, zirudie, zilikuwa zako. Hukuwahi kuzikosea.

Na utakapofanya kazi na watu, atatokea mdogo wako mmoja atakayekuwekea kifuniko cha sufuria juu ya kioo. Mwulize anamaanisha nini. Utajisikia mjinga kwa dakika tano, basi, inapita.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukifika Bukavu. Niliporudi kutoka Kituku nilimweleza mama yako kila kitu, yeye naye alikuwa hajui. Aliacha kumenya viazi. Nilipomwambia habari ya begi akasema: “Ukimuwekea mu begi, njo unamukimbia mara ya pili.”

Kwa hiyo naileta mwenyewe. Nafunga studio sasa, jua bado lipo, nitakuta unafunga katoni ya mwisho. Nitakupa mkononi, nitavuta kiti, nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukitaka kupaza sauti, paza, majirani wasikie. Ukitaka kunyamaza, sitajaza ukimya kwa maneno. Na ukifika mwisho wa karatasi hii ukaona kwamba leo mdomo wako hauwezi kuniita papa, niite kwa jina langu kama unavyomwita mtu yeyote. Nitaitika.

Kambale